Mistari Arobaini ya Mteremko

Jumatano, 5 Machi
Majivu kanisani saa kumi na mbili, kazini saa mbili. Nimeosha mizani. Binti atakayeshika nafasi yangu anauliza gunia tupu lina uzito gani. Nimemwambia apime mwenyewe, asimwamini mtu.

Miaka kumi na moja kwenye mtambo wa kahawa hapa Maguu. Minne kuchambua chanjani, pale kahawa inapoanikwa, saba kwenye mizani. Hakuna aliyenishika mkono. Sasa nimepata kazi Mbamba Bay, kule ziwani, msimamizi wa ghala, kuripoti Jumatatu tarehe 17. Siku kumi na mbili.

Kilichobaki ni shamba. Baba alinionyesha ule mteremko kabla hajafa, Mama akiwepo, kaka yangu Kosmas akiwepo. Karatasi hakuna. Limepumzika misimu miwili, nyasi zimenifika kiunoni. Nikiondoka likiwa nyasi, watasema nimeliacha. Lazima lipandwe kabla sijapanda gari.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa Kosmas. Ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, zinataka watu wawili: mwanaume anafyeka na kulaza nyasi kwa miraba, mwanamke anamwaga maharage juu ya nyasi na kuyafukia kwa udongo anaouchimba katikati ya mraba. Hapo ndipo shimo linapotokea. Mume sina. Miaka yote Kosmas analaza, mimi nafukia.

Nimemkuta anatengeneza banda la nguruwe. Hakuinua kichwa.

"Dada, kazi yako iko ziwani, shamba liko mlimani. Mtu halali vitanda viwili."

Nikamwuliza atalaza au hatalaza.

"Nitaangalia."

Kahawa niliyochuma mimi ndiyo iliyomfikisha kidato cha nne. Mimi niliishia la saba. Leo yeye ndiye wa kuangalia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi kutoka Mbamba Bay. Siku mbili za kutafuta chumba. Joto la kule halina adabu. Nimepata kimoja, dirisha linatazama ukuta. Mwenye nyumba aliuliza kama sisi watu wa milimani tunakula samaki. Nimemwambia tunakula, ila asituletee wa juzi.

Nimepita mteremkoni kabla ya kufika nyumbani. Nyasi zote zimelazwa. Zimenyooka, hakuna mraba uliopinda. Nimehesabu: mistari arobaini, kila mstari miraba ishirini na minne. Mia tisa na sitini. Kosmas ana mkono mzuri akitaka.

Nilimfikiria vibaya. Nimeona haya.

Jumanne, 11 Machi
Nimechinja jogoo. Kwaresima, ndiyo, lakini shukrani haina msimu. Kosmas amekula na wenzake wawili waliolaza naye. Nimemshukuru mbele yao. Akasema, "Usijali, dada," akachukua paja.

Mama hakula. Aliuliza siku ya kulaza nani alipeleka chakula shambani. Mimi nilikuwa nagawa ugali.

Jumatano, 12 Machi
Swali la Mama nimelielewa leo, limechelewa.

Kwetu, mwenye shamba msimu huo ndiye anayepeleka chungu shambani siku ya kulaza. Watu wanakiona. Siku ile mimi nilikuwa Mbamba Bay natafuta dirisha. Chungu kilichoonekana ni cha mke wa Kosmas. Cha kwangu cha jana ni karamu ya nyumbani, hakihesabiki. Tena nimeshukuru mbele ya mashahidi. Mtu wa mizani, nimepokea mzigo bila kuuliza ni wa nani.

Saa nne Mama ametoka kisimani. "Wifi yako yuko mteremkoni na maharage."

Nimekwenda mbio. Wifi na dada yake walikuwa juu kabisa, wanafukia. Mstari wa pili tayari. Wifi akaniita, "Umekuja kutusaidia, wifi?" Anatabasamu.

Nikageuka hapohapo. Nimerudi kuchukua jembe na maharage yangu, nikaanza mstari wa chini kabisa. Atakayefukia na kupanda ndiye atakayevuna, na mahindi ya Desemba yatakuwa yake. Baada ya mahindi, nani atakumbuka Baba alisema nini?

Jioni: wao mistari sita, mimi miwili.

Alhamisi, 13 Machi
Nimewaita wenzangu wawili wa zamani wa chanjani. Kahawa haijaanza, wana nafasi. Wamekuja na majembe, hawakuuliza mengi.

Mchana Kosmas amesimama ukingoni mwa shamba, mikono mfukoni. Nikamwuliza hii ni nini.

"Wanawake wanapanda. Mimi simo."

Nina hasira mpaka mpini unateleza. Wao wameongeza wakafika kumi na miwili. Sisi kumi. Tunapanda kwenda juu, wao wanashuka. Hatusalimiani.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua mpaka saa saba. Udongo mzito, jembe linatoka na nusu ya mlima. Sisi minne, wao mitatu. Jumla kumi na minne kwa kumi na mitano. Katikati imebaki kumi na mmoja.

Nimemwomba Mama aseme alichosikia kwa Baba. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha.

"Nimezaa wawili. Sikuzaa wa tatu wa kuamua."

Sijafunga hata begi moja. Usafiri ni kesho kutwa.

Jumamosi, 15 Machi
Wifi alikuwa peke yake. Sisi watatu. Saa nane tukafika mraba kwa mraba, mimi na yeye, matako angani kila mtu upande wake. Hakukuwa na mstari wa kuongeza.

Akakaa chini juu ya tuta. Nikamwambia alichofanya ni wizi. Nimelisema hivyohivyo.

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kosmas aliniambia umekubali. Kwamba unahama, umetuachia. Hata jogoo alisema umechinja kwa ajili hiyo."

"Na kwa nini siku tatu hujaniuliza?"

"Mimi nilikuita siku ya kwanza. Wewe ulikuja na jembe, mdomo uliuacha nyumbani."

Ni kweli aliniita. Nilidhani ananicheka.

Baadaye akasema dada yake ameondoka asubuhi, amechoka na ukoo wetu. Akasema anayo mistari kumi na minane, hawezi kuifukua, maharage aliyoazima kwa watu wawili wa kwao yamo ndani. Nikamwambia mimi ninayo ishirini na miwili, na sitapunguza hata mraba. Akasema hajaomba.

Hatukushikana mikono. Nimekata mti wa mlonje, ule tunaowekea mipaka, nikauchomeka pale tulipokutana. Akaukandamizia udongo kwa kisigino.

Nimepoteza mistari kumi na minane. Inaniuma. Naiandika ili isijifanye ndogo.

Jumapili, 16 Machi
Kosmas hakuja kuaga. Mama amenipa debe la maharage na hakusema ni ya nani.

Jumanne, 25 Machi
Mbamba Bay. Ghala lina milango mitatu, funguo zote ninazo mimi. Wapakiaji wamenizoea. Usiku nalala bila shuka.

Mchana wifi amenitumia ujumbe: maharage yameota, ya juu na ya chini siku moja, ya chini yamesongamana, nilimwaga mengi mno. Nikaandika asante, nikafuta. Nikauliza palizi lini.

Ijumaa tarehe nne, amejibu. Nije na jembe langu, yeye analo moja tu.

Nimekwenda kwa bosi kuomba ruhusa. Akasema mtu hajamaliza hata wiki mbili anaomba ruhusa. Nikamwambia nitafidia kwa Jumapili mbili, na kwamba nina mistari ishirini na miwili.

Akauliza mistari ya nini. Nikamweleza. Amesaini.