Mlio wa Cheche

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku wazima. Ile mashine yetu ya mapigo ya umeme imekubali. Cheche inaruka mwanya wake kati ya vyuma viwili bila kuchelewa, na wenzangu sasa wananiita Fundi Radi.

Jana mama yako alipoweka simu kwenye spika, nilikusikia kwa mbali ukimwambia mjukuu wangu, "Haya, mwite babu." Kisha kimya. Mama yako akacheka, nami nikacheka. Sikumsikia mtoto, mwanangu. Miaka yote nilikuwa navua vikinga masikio ili niipime cheche kwa mlio wake. Daktari anasema sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na hazirudi.

Mama yako sijamwambia. Niandikie tu: mtoto aliniitaje?

Ni mimi, baba yako.