Udongo wa Kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025
Migomba mingine miwili imelala chini. Na upepo wenyewe ulikuwa kidogo tu! Nimefua nguo za watu tangu asubuhi, mgongo unaniua, napitia shambani hapa Kawangware, kituo cha 46, nakuta hivyo. Nimevuta mmoja — umetoka bila kubisha. Mizizi karibu hakuna.
Mama Chege, mwenye ploti, anasema udongo umechoka. Hata mimi nimechoka, na bado nasimama.

Jumatano, 5 Machi
Mama Chege ameleta samadi, magunia mawili. Miaka sabini na kitu, na anamwaga mwenyewe! Alinipa hiki kipande nyuma ya nyumba zake nilime bure, mwaka wa tatu sasa. Apiyo, lisha udongo, anasema.
Migomba yake sita kando ya ukuta pia inakauka. Marehemu mzee wake, Gikonyo, aliipanda mwaka waliooana. Mmoja umeanguka. Mama Chege aliutazama tu. Nikasema pole.
Nimerudi nyumbani Mashimoni kwa miguu. Sijapika.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwita Muia wa duka la dawa za mimea. Akapasua kitako cha mgomba ulioanguka. Yawa! Matundu kila mahali, na funza weupe ndani, wamenona kunishinda. Ni watoto wa fukusi, mdudu anayekula migomba, anasema. Samadi haiwezi, mizizi ishaliwa. Na fukusi haruki mbali — mara nyingi huja na mche.
Kisha akaniuliza miche nilitoa wapi.
Sokoni, nikasema. Uongo mtupu!
Nilitoa Siaya, kwa mama, wiki tuliyomzika; Mama Chege anajua. Machipukizi matano kwa gunia, na udongo wake wote. Nililipakata kwa basi mpaka Nairobi. Muia anasema mche hukwanguliwa hadi uwe mweupe, halafu unatiwa kwa maji yanayochemka, sekunde thelathini. Sasa nani huchemsha kitu cha mama yake? Mimi sikutaka hata chembe imwagike.

Jumapili, 9 Machi
Mahubiri sikusikia. Migomba ya Gikonyo ilisimama miaka yote hiyo, hadi nikaja na gunia langu. Dada yangu Trizah anasema nyamaza kabisa, ukisema utafukuzwa. Nimenyamaza. Naona aibu.

Jumanne, 11 Machi
Mvua imeanza. Migomba ya Gikonyo iliyobaki imeanguka yote, hadi wa mwisho. Kwangu umebaki mmoja, ule wa kando ya njia.
Mama Chege hakulia. Alisema huo wako una nguvu, mama yako alikuwa na mkono mzuri. Nitolee chipukizi moja nipande pale pa mzee. Ya duka sitaki.
Ningesema hapo hapo! Badala yake nikachukua jembe. Nikachimba, nikamwambia ngoja niende nayo nyumbani niisafishe, jioni nakuletea. Akacheka. Eti inaenda harusi?
Sasa iko hapa kwa beseni. Nje ilikuwa safi. Nimekwangua — tundu moja, dogo, jeusi. Nikakwangua tena. La pili. Udongo wa mama wote umeenda na maji ya mtaro.
Sufuria iko kwa jiko, maji imeanza kuchemka. Sijui hata kama itasaidia. Huko kwa Mama Chege nimeshajaza fukusi, na shimo ameshachimba.
Simu inalia. Mama Chege. Mara ya pili sasa —