Kikombe cha Saba

Mdogo wangu,

Naanza na salamu kabla sijaanza kulalamika, kwa sababu nikishaanza sitakumbuka kusalimu. Hujambo? Watoto hawajambo? Mguu wa Mama umepungua kuvimba, au bado anakataa kuuweka juu ya stuli kwa madai kwamba stuli ni ya wageni? Mwambie nimeuliza. Mimi ni mzima ukiondoa magoti, na magoti yenyewe hayaumwi, yameonewa tu: hoteli hii ina ngazi arobaini na mbili kutoka mapokezi hadi chumbani kwangu, na kila nikifika juu nagundua nimesahau kitu chini.

Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu unazipokea kwa namna ninayoijua. Unasema sawa dada, sawa dada, halafu unasema kuna mteja. Nimepiga saa tatu, kuna mteja. Nimepiga saa nane, kuna mteja. Wangekuwa wa kweli wateja wote hao, ningerudi huko tajiri. Barua haina mteja. Naituma na dereva wa basi la kesho asubuhi, itakufikia Jumanne, na naomba uisome mpaka mwisho ukiwa umekaa.

Unakumbuka tulivyoachana. Mbele ya Mama, kopo la majani likiwa mkononi, ulisema kwamba kwa miaka kumi na tisa wewe ndiye unayechanganya chai ya duka letu, kwamba watu wanapita maduka manne mengine kuifuata chai hiyo na si sura yangu, na kwamba unataka kuwa mwenye duka pamoja nami, la sivyo mwisho wa mwezi utatafuta pa kwenda. Nami nikakujibu kwamba kuchanganya majani ni kutikisa kopo tu, kwamba duniani kuna chai nzuri zinazojitosheleza, zisizongoja mtu wa kuzitikisa, na kwamba nitakwenda kuzitafuta mwenyewe. Mama akatuomba tushushe sauti, majirani wanasikia. Kesho yake nikapanda basi. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo, maana duka lile nililianza na birika moja na benchi la kuazima, wakati wewe ukiwa bado unavaa sare za shule.

Sasa sikia siku kumi na moja zilivyokwenda.

Kiwanda cha kwanza nilipokewa na meneja mwenye viatu visivyojua matope. Akanizungusha kwenye mashine kwa saa mbili, akanipiga picha nikiwa nimeshika jani, bila kuniuliza kama napenda kupigwa picha. Nilipomuuliza wanatoa kilo ngapi kwa mwezi, akanijibu kwamba wao hawauzi kilo, wanauza safari. Nikamwambia safari nimeshaifanya, saa tisa kwenye basi, sasa nataka majani. Akaniandalia kikombe, na kusema kweli kilinukia vizuri. Lakini hukuanza kunijua leo. Nilikuwa nimebeba maji ya bomba letu, lita kumi kwenye dumu, kwa sababu mteja wetu hatainywa chai hiyo kule mlimani, atainywa dukani kwetu, kwa maji yetu yenye chumvichumvi. Nikaomba ichemshwe tena kwa maji hayo. Meneja aliliangalia lile dumu kama nimemwingizia mbuzi ofisini. Ikachemshwa, na chai iliyokuwa inanukia kama ua ikakaa kikombeni kama maji ya kuoshea vyombo. Akasema tatizo si chai yake, ni maji yangu. Nikamwambia wateja wangu wote wanaishi kwenye maji hayo, na siwezi kuwahamisha.

Wa pili alikuwa mkulima anayesokota majani kwa mkono. Kumfikia ni kilomita sitini na moja, na mimi nilizimaliza nikiwa nimekalia magunia ya mbolea nyuma ya lori. Chai ya yule bwana sitaisingizia. Niliinywa nikaomba cha pili, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Hata kwa maji yetu ilisimama. Nikamuuliza kiasi, akasema kilo nne. Nikadhani kwa siku. Kumbe kwa mwaka. Sisi tunamaliza kilo tisa kwa wiki. Nikamfanyia hesabu pale pale, nikamwonyesha kwamba tukifungua nayo Jumatatu, chai yake yote ya mwaka mzima itakuwa imekwisha Jumatano mchana. Akacheka, akasema mimi nina haraka, halafu kwa saa mbili na nusu akanieleza jinsi jani linavyopumua. Alipomaliza lori lilikuwa limeshaondoka. Nilitembea kilomita nane kwa viatu vya dukani.

Kwa hiyo nilipofika mahali pa tatu sikuwa na uso wa kumchekea mtu. Ni kampuni inayokusanya chai za mashamba mengi na kuzipanga kwa ubora, na ina chumba cha kuonjea: meza ndefu nyeupe, madirisha upande mmoja tu, vikombe kumi na viwili kwa mstari, kila kimoja na kisahani chake cha kukifunika. Mwonjaji mkuu ni mama mmoja mfupi mwenye koti jeupe. Mimi nilimbatiza Mama Ndoo, kimoyomoyo, kwa sababu anavuta chai kwenye kijiko kwa mlio kama kitambaa kinachochanika, kisha anaitema kwenye ndoo iliyo hatua mbili kutoka alipo. Nilimwangalia makusudi. Hakumwaga hata tone nje. Na ndiye mtu pekee katika safari nzima ambaye hakulicheka dumu langu. Alisema kama kila mwenye duka angekuja na maji yake, yeye angelala usingizi mzuri zaidi.

Nilikuwa nimechukua gramu mia mbili za chai yetu, ile uliyoichanganya Jumatatu ya mwisho, iwe kipimo changu. Nikamwomba aipange katikati ya chai zao kumi na moja, bila kumwambia imetoka wapi. Ikaangukia namba saba.

Akaonja mpaka ya kumi na mbili. Nikawa naandika alama zangu kwenye daftari, nimeshachagua namba tatu na namba kumi. Halafu akarudi kwenye saba. Akaonja, akaosha kijiko, akapita kwenye vingine viwili, akarudi tena kwenye saba. Mara ya tatu hakuitema, aliimeza. Kisha akaniuliza ni nani aliyeichanganya. Hakuuliza ni chai gani wala ya shamba gani. Aliuliza nani.

Mdogo wangu, tangu nilipoandika salamu nimekuwa nikipazunguka hapa. Nilimwambia ni mimi.

Sikufikiria. Ilitoka kama mtu anavyotaja jina lake. Miaka yote hiyo wateja wakisifu chai nimekuwa nikisema asante, na asante zikizidi zinageuka kuwa mali yako. Mama Ndoo akanipa mkono, akaniita mwenzangu, akasukuma mbele yangu makopo matatu ya majani ya aina zile zile tunazotumia sisi na kuniomba nimchanganyie nyingine aone.

Sasa kosa la pili ni baya kuliko hilo la kwanza. Nilikubali, kwa sababu nilikuwa na hesabu. Nimekuwa nikiyapima makopo yako matatu ya majani. Jumatatu kumi na nne mfululizo, niliyaweka kwenye mizani kabla hujaja, na nikayaweka tena ulipokwenda kula, nikaandika umetoa kiasi gani kwenye kila kopo. Nilitaka kujua siri yako ili ukinitishia kuondoka nikufungulie mlango. Na kila Jumatatu hesabu zilikuja tofauti. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri mdogo wangu ni mzembe, hana kipimo kimoja. Basi nikazijumlisha zote, nikagawa kwa kumi na nne. Hamsini na tatu kwa mia kutoka kopo la kwanza, thelathini na moja kutoka la pili, kumi na sita kutoka la tatu. Hicho ndicho nilichompimia yule mama, kwa mizani yake, mpaka gramu ya mwisho.

Alionja mara moja. Kisha akachukua kisahani akakifunika kile kikombe, taratibu, kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue. Akaniuliza hesabu hizo nimezitoa wapi. Akasema alianza kushuku tangu niliposhika mizani kabla ya kunusa, na kwamba majani yaliyomo kwenye makopo yale yamechumwa baada ya mvua, mepesi, na anayeijua kazi angepunguza ya kopo la pili karibu nusu. Kwamba aliyetengeneza kikombe cha saba anafanya hesabu mpya kila Jumatatu, na anaifanya kwa pua. Kwa hiyo nilikuwa na majibu kumi na manne, yote sahihi, nikayajumlisha na kuyagawa mpaka nikapata moja lililo kosa. Akaniuliza kama nikichukua saizi za viatu za watu kumi na wanne nikazigawa hivyo, kiatu kitakachopatikana nitamvisha nani. Nikamwambia aliyekichanganya kikombe cha saba ni mdogo wangu.

Lakini hata wewe una lako. Miaka kumi na tisa unaingiza pua kwenye kopo, mimi nadhani una mafua. Kwa nini hukuwahi kuniambia kwamba unabadilisha? Ungesema hata mara moja. Najua utanijibu kwamba sikuwahi kuuliza, na hilo jibu naomba usinipe, nimeshajipa mwenyewe kwenye ngazi zote arobaini na mbili.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya Mama Ndoo. Ni ya kwako. Wanatafuta mtu wa kukaa kwenye meza ile. Watamfundisha mwaka mmoja, watampa nyumba ya vyumba viwili, na hawamdai cheti. Nimekaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza niliificha chini ya godoro, kama mwizi. Siku ya pili nilikaa nikapiga hesabu: ukiondoka, chai uliyoacha imechanganywa itatosha siku tisa, na siku ya kumi nitakuwa na duka la kuuza maji ya moto. Siku ya tatu nikaenda kununua bahasha.

Na mimi nina langu la kukupa. Nusu ya duka, kwa maandishi, Mama akiwa shahidi. Usidhani ni moyo mwema. Ningekuwa na moyo huo ungeipata mwaka wa tatu. Nakupa kwa sababu ya karatasi hiyo, na kwa sababu nimemwona mtu asiyekujua akionja kikombe chako mara tatu, huku mimi niliyekubeba mgongoni nikiwa nakugawa kwa kumi na nne. Ukipima ukaona meza ile nyeupe ni bora kuliko kukaa nami, nenda. Sitasema ulinitupa. Nitakasirika, hilo siwezi kukuahidi vinginevyo, lakini nitakasirika nikiwa nyumbani kwangu.

Msalimie Mama, umwekee mguu kwenye stuli hata akigoma. Wabusu watoto. Fundi cherehani wa jirani naye mpe salamu zake. Nitafika Ijumaa na basi la saa nne. Usije kunipokea, sina mzigo: dumu limekwisha maji, na majani sikununua hata gramu. Nitashuka nije dukani moja kwa moja. Nikikuta pako wazi, nitaingia, nitavaa aproni na kukuuliza kwanza hali. Nikikuta umeacha funguo kwa fundi cherehani, nitazichukua, nitamshukuru, na sitamuuliza ulipokwenda.

Ni mimi dada yako,
mchemsha maji.