Kanga ya Njano Kwenye Kamba ya Mama

Mikumi,
Jumatano jioni.

Kwako dada yangu Yudith,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji mzima, watoto wazima, na yule mdogo kifua kimeacha kumbana. Ukitaka kujua habari zangu, mwili hauna neno. Ya moyo nitakueleza mbele. Mikumi ni ile ile. Malori yanasimama, madereva wanakula na kulalamika kwamba wali wangu ni mwingi kuliko nyama, na nyani ni wezi kama ulivyowaacha. Juzi mmoja alikuja mpaka mezani kwangu, akabeba kichane kizima cha ndizi huku ananitazama usoni kama mtu aliyekwisha kulipa. Nilimfukuza na mwiko hadi barabarani, madereva wakanishangilia.

Najua unajiuliza kwa nini barua na si simu. Dada, simu nimejaribu. Kila nikimtaja Shangazi Yusta unaniambia mtandao unasumbua, na mara kweli mtandao unakatika. Barua haikatiki. Nampa Deogratias, yule wa Noah ya Kilosa, na nimemwambia asimwachie mtoto wala jirani, aiweke mkononi mwako. Nakuomba kitu kimoja tu: usome mpaka mwisho ndipo unitukane.

Ijumaa iliyopita nilifunga banda, nikaenda Lumuma kumwona baba. Amekonda, dada. Mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na bado suruali ya kanisani inamvuka. Shangazi anampelekea chakula kila siku kwenye bakuli lenye kifuniko. Baba anakula matonge mawili, anashukuru kwa adabu kama mgeni, kisha anarudi kukaa kwenye kizingiti na kutazama uani. Redio iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na tangu tumzike mama, miezi minane sasa, haijawashwa hata siku moja. Baba yetu huyo! Mtu aliyekuwa anaibeba redio mpaka chooni!

Jirani yetu Valentino alinisimulia jambo likanikata maini. Unajua yeye na baba wamekuwa wakitaniana tangu ujana wao, yeye Simba, baba Yanga wa kufa na kuzikana. Anasema majuzi Simba walipofungwa na timu ndogo, alijipeleka mwenyewe kwa baba ili akazomewe, apate tu kumsikia mzee akicheka. Baba akamuuliza vitunguu vyake vinaendeleaje. Valentino anasema siku ya mazishi hakuogopa kama alivyoogopa siku hiyo.

Sasa Jumamosi ilikuwa mechi ya watani. Huna haja ya kukumbushwa, lakini niache niseme, maana nikisema namwona mama. Baba hakuwahi kuisikiliza mechi hiyo hata mara moja. Alikuwa akisema moyo wake ni wa kulima, si wa dakika tisini. Basi siku hiyo anabeba jembe na kupanda shamba la mlimani, na mama anabaki na redio, yeye asiyejua hata goli la kuotea ni lipi, ameziba mdomo kwa kiganja kama anasikiliza habari za msiba. Kelele za kijiweni zinafika mlimani, lakini baba alisema kelele hazina rangi, huwezi kujua anayeshangilia ni nani. Kwa hiyo mechi ikiisha anatazama kamba ya nguo uani kwetu. Mama akianika ile kanga ya njano yenye pindo la kijani, tumeshinda. Akianika shuka jeupe, sare. Kamba ikibaki tupu, tumefungwa, na baba anashuka polepole, anafika gizani, anakuta mama amemkaangia mayai bila kusema neno. Sisi tulikuwa tunaombea Yanga wafungwe ili tupate mayai. Mungu atusamehe.

Jumamosi hiyo hakuna aliyemkumbusha baba mechi. Nilikuwa nafagia, nikamwona amesimama, amechukua jembe nyuma ya mlango, amevaa kofia, na huyo anapanda mlima. Hakuaga. Dada, miezi minane hajagusa jembe! Nilisimama na ufagio wangu mkononi kama mjinga. Nikajiuliza anakwenda kutazama kamba gani, na nani amwanikie. Nikaingia ndani, nikafuta vumbi kwenye redio, nikaiwasha.

Tulifungwa. Wala sitakueleza tulifungwaje, ningekosea na shemeji angenicheka. Nilichojua ni kwamba filimbi imelia, vijana wa upande wa pili wanapiga honi za bodaboda mpaka mtoni, jua bado halijazama, na baba kule juu amesimama anatazama nyumbani. Kwa utaratibu wa mama, nisifanye kitu. Kamba ibaki tupu. Lakini kamba ile imekuwa tupu tangu afe, na baba ameitazama tupu asubuhi na jioni mpaka imemla nyama ya mwili. Nikasema hapana, leo siwezi. Nikaenda kwenye mkoba wangu, nikatoa kanga ya njano, nikaitandaza kwenye kamba, nikaibana kwa vibanio vya mama.

Umesoma vizuri, dada. Mkoba wangu. Kanga ya njano.

Ile uliyoililia. Ile ambayo mama kitandani alisema mbele yetu sote kwamba ni ya Yudith, kwa sababu kipande chake cha pili tutamzika nacho na hiki kibaki kwa mtoto wake wa kwanza. Siku ya kumaliza matanga, nguo zilipotolewa sandukuni na kuwekwa mkekani ili zigawiwe, zikahesabiwa na kanga haikuwemo, ukasema mbele ya wanawake wote kwamba aliyefua nguo za marehemu na kushika ufunguo ndiye anayejua ilipo. Kila mtu akamtazama Shangazi Yusta. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pako, nakushika bega, nakubembeleza. Na kanga nilikuwa nimejifunga kiunoni, ndani ya gauni.

Niliichukua alfajiri ile, kabla hamjaamka. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wa shangazi, naye alikuwa amelala kwa uchovu wa kufua. Nilitaka kuinusa tu. Wewe ulikuwa na mama wiki sita za mwisho, ulimwogesha, ulimlisha uji, ulishika mkono wake akikata roho. Mimi nilikuwa huku nawapakulia madereva wali, nikijidanganya kwamba nitakwenda wiki ijayo, na nilipofika nilikuta turubai limeshafungwa. Niliona umepata kila kitu, Yudith, na bado kanga nayo ni yako. Nilikuonea wivu. Nilikuonea wivu kwa sababu ulimuuguza mama! Sijui mtu wa aina gani anaona wivu kwa kitu kama hicho, lakini ndiye mimi, mdogo wako. Nikasema nitairudisha kesho. Kabla ya kesho ukamwita shangazi mwizi, ukapanda gari kurudi Kilosa, ukaapa kutokanyaga uwanja ule maadamu yeye anaukanyaga. Nikanyamaza. Nimenyamaza miezi minane, na kila nikiifungua usiku ili niinuse, maandishi yananitazama: *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Kanga nyingine hazina haya.

Wala usidhani nilikwenda Lumuma kutubu. Ningekuwa na ujasiri huo ningekwisha kuutumia. Nilikuwa nimepanga kuisokomeza nyuma ya sanduku, halafu nijifanye nimeiokota, niseme kumbe panya waliiburuta, tucheke, yaishe. Mwoga hata toba yake ina mlango wa nyuma.

Basi nikaanika, nikasimama. Baba alishuka, dada. Hakushuka polepole. Nilimwona kwenye kile kinjia cha mawe anakuja mbio mbio za kizee, kofia mkononi, jembe kaliacha huko huko. Kwa Valentino alipita, na Valentino akampa pole ya kufungwa kutoka uani kwake, kwa furaha kubwa. Baba hakumjibu wala hakusimama. Kwa hiyo alifika nyumbani akijua kwamba tumefungwa. Hakuniuliza matokeo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akashika pindo la kanga, akaongea nayo kwa kilugha, yale maneno aliyokuwa akimsalimia mama akitoka shambani. Halafu akalia. Mazishini hakulia, unakumbuka watu walivyomsifu kwamba ni mwanamume. Safari hii alilia kwa sauti, uani, mchana kweupe, ameshika nguo. Mimi nikapiga magoti pale pale kwenye kinyesi cha kuku, nikamwambia kila kitu.

Alijifuta uso kwa kofia. Kisha akaniambia kwamba mama aliwahi kumdanganya kwa kanga ile mara moja tu katika maisha yao. Yanga walikuwa wamefungwa vibaya, na kanga ikaanikwa. Alishuka mlima akiimba, akafika na kukuta habari za mpira ni mbaya, lakini mlangoni umekaa wewe, miaka sita, umenyolewa kipara, unakula muwa. Ulikuwa umelazwa hospitali ya misheni wiki tatu kwa homa ya uti wa mgongo, na siku hiyo gari la padri lilikuleta nyumbani. Mama alimwambia hakuwa na nguo nyingine ya furaha. Baba anasema Jumamosi, alipoiona kanga akiwa mlimani na kelele zile zikiendelea, wala hakufikiria mpira. Alifikiri Yudith amerudi.

Ndicho alichokimbilia, dada. Alikukimbilia wewe, akanikuta mimi.

Hakunipiga wala hakunilaani. Aliniambia niende kwa shangazi kabla jua halijazama. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote. Hakuinua uso mpaka alipomaliza ungo wote, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akasema nile kwanza, maana hawezi kumgombeza mtu mwenye njaa. Nilipokula akaniambia kilichomuuma si kuitwa mwizi, bali kwamba mikono ile ile iliyomwosha wifi yake kwa mara ya mwisho ndiyo iliyotajwa. Tangu siku hiyo ameacha kwaya, akiogopa wanawake wanavyonong'ona akisimama. Nikamwomba msamaha. Akasema Mungu bila shaka ameshanisamehe, lakini yeye ni binadamu, atahitaji mpaka Jumapili. Na Jumapili, ibada ikielekea mwisho, nikasimama mbele ya akina mama wote nikasema mwizi ni mimi. Shangazi akanivuta nikae, akanong'ona kwamba inatosha, nisigeuze ibada kuwa mkutano wa kijiji. Wimbo wa mwisho aliimba, na ile sauti yake ya kukwaruza ikazidi ya wote.

Sasa nimebaki na wewe, na wewe ndiye mgumu kuliko wote. Sikuombi unisamehe leo. Chukua hata mwaka, nimestahili. Lakini usinihesabie mimi ukamwacha baba, wala usimwadhibu shangazi kwa kosa langu. Anakuulizia kama mtoto wake. Alinituma nikwambie kwamba ukija hatataja neno la kanga mpaka ulitaje wewe, na kwamba maboga ya mwaka huu ni matamu.

Kanga ni yako, mama alisema, na baba amesema hilo halina mjadala. Nilimwomba nikuletee pamoja na barua hii, akakataa katakata. Ameikunja mwenyewe, ameiweka juu ya redio, na redio sasa inawaka asubuhi mpaka jioni, hata matangazo ya vifo anayasikiliza. Jana alimpigia Valentino simu kumwambia kwamba ushindi wao ulikuwa wa refa. Valentino amefurahi sana.

Nisalimie shemeji na watoto, umbusu yule mdogo. Msalimie na mama mkwe wako kwa heshima zote. Deogratias anapiga honi, lazima nifunge.

Humo ndani ya bahasha utakuta vibanio viwili vya mbao. Ni vile vya mama, vya kamba ya uani. Nilimuuliza baba sasa kanga itaanikwaje bila vibanio, na upepo ule wa mlimani. Akasema ndiyo sababu anakutumia wewe.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Anitha.