Kilima Nyuma ya Kiwanda

Voi

Dada mpendwa Nabwile,

Pokea salamu tele kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Natumai kifua chako kimeizoea baridi ya Eldoret. Sisi tu wazima, ila baba halali vizuri, ndiyo maana naandika. Wanijua: kwa simu ningesema "sawa, sawa" tu.

Unakumbuka lundo la makapi ya katani nyuma ya kiwanda, lenye joto la kuoza? Akina mama walikuwa wanafukia sufuria zao mle asubuhi, mchana wanafukua chakula kimeiva. Mama Ndambuki aliliita jiko la serikali, halidai makaa.

Sasa wateja wa Ulaya wanaonunua kamba zetu wametaka kujua kila kamba inachafua hewa kiasi gani, tangu shambani hadi bandarini. Kampuni ikamleta mpimaji, Katunge. Alianza na dizeli ya trekta, stima na malori. Meneja Muasya akafurahi, maana tumeweka sola. Kumbe makapi yakioza hutoa gesi mbaya kuliko moshi wa jenereta! Meneja aliposikia hivyo, akamtuma baba na trekta alifunike lundo kwa udongo, na akiulizwa aseme ni kilima tu. Alimwonya kwamba wateja wakihama, baba ndiye wa kwanza kufutwa kazi.

Dada, lile lundo limekataa kuzikwa. Udongo unapanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Mvuke unatoka kwenye nyufa kimyakimya. Nyasi zilizoota juu zimekauka kuanzia mizizini. Mbwa wanazunguka mbali. Okoth, soja wa geti, aliniambia ni marehemu waliokufa zamani wakijenga reli wanachemsha chai, lakini yeye mwenyewe hakucheka.

Jumapili mbuzi wa Mama Ndambuki alipanda pale. Ardhi ikamfungukia, akazama bila hata kulia. Tulisimama tukingoja sauti. Ikaja harufu ya manyoya yanayoungua, basi. Baba alimweleza meneja kwamba ndani kunawaka, na watoto wa darasa la kwanza wanakatiza papo hapo kwenda shule. Meneja akamjibu aongeze udongo. Baba akaongeza.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Jana nilimfuata Katunge kwenye gari lake. Kiswahili kikanikimbia, Kiingereza nacho kikakataa, nikamvuta tu mkono hadi kwenye kile kilima. Alipoinamisha kipimo chake kwenye ufa, kikalia mfululizo, hakikunyamaza mpaka akakizima. Akaniuliza ni nani amefunika. Nilimwambia ni baba yangu. La meneja nililisema baadaye, na sina hakika kama alilisikia.

Kesho kampuni inalifukua lundo, na baba ameitwa ofisini. Hajui ni mimi. Ameketi hapa karibu nami, anapiga pasi shati la kanisani, anadhani nakupa habari za shule. Amesema nikusalimu sana, na nikuambie usome bila wasiwasi, kazi bado ipo.

Uniombee, dada.

Mdogo wako,
Khalayi