Moshi wa Kuhifadhi Mbegu

Masii, Machakos
4 Desemba 2000

Kwa ndugu yangu Munyao,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe, mke wako Nzembi na watoto wote. Baridi ya Nakuru inawatendeaje? Na kile kikohozi cha mtoto mdogo, kimeisha? Sisi huku tungali tunapumua kwa neema ya Mungu. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, na mvua tuliyoililia miaka miwili imenyesha mpaka ng'ambo ya mto hakupitiki. Udongo wa kaburi la mwaitu, mama yetu, ulishuka kidogo kwa maji hayo. Nimeongeza karai tatu na kuupiga vizuri, usiwe na wasiwasi.

Ndugu yangu, kilichonishikisha kalamu ni habari ya Nzuki, yule fundi uliyemtuma kutujengea jiko.

Unakumbuka mwezi wa tatu, nesi wa zahanati alipomsikiliza mwaitu kifuani, akatuuliza mama huyu amepikia wapi maisha yake yote. Tulipomwambia ni jikoni kwetu, kusiko na dirisha, na kwamba tangu baba afariki analala humo humo kando ya moto kwa ajili ya magoti, alitikisa kichwa. Akasema dawa atatupa, lakini moshi usipotoka, dawa ni bure. Ndipo ukamleta Nzuki. Alitoboa dirisha, akajenga jiko la udongo lenye bomba la kupitisha moshi juu ya paa. Mwaitu alicheka siku hiyo mpaka akashika mbavu. Alisema sisi tumeokoka lakini nyumba imeanza kuvuta sigara, na mchungaji akipita atatutenga.

Na alipata nafuu, Munyao. Mwezi wa sita alitembea mwenyewe mpaka kanisani na akaimba beti zote.

Halafu ukaja kumzika, mwezi wa kumi. Ulisimama mbele ya watu ukasema Nzuki ni tapeli, kwamba jiko lake lilirudisha moshi ndani likammaliza mama yetu. Sikulaumu, ulikuwa na uchungu, na kweli ukuta ulikuwa mweusi tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wafiwa, leso mdomoni.

Tangu siku hiyo Nzuki hana kazi. Akina mama watatu wa kikundi chetu wamebomoa majiko aliyowajengea na kurudia mafiga. Sokoni wanamwita fundi wa majeneza. Juzi mwanaume mmoja alimuuliza mbele ya watu kama siku hizi anapima jiko au anapima maiti, watu wakacheka, naye akaendelea kufunga saruji yake kwenye baiskeli.

Jumatano iliyopita alikuja hapa. Aliomba, kwa heshima, nimruhusu aangalie bomba, kwa sababu hajui alikosea wapi na hapati usingizi. Ningemkatalia vipi? Alipanda paani, akaingiza mkono, akavuta gunia. Lilikuwa jeusi kwa masizi, limekazwa kwa kamba. Alishuka nalo, akanitazama muda mrefu, nami nikatazama chini. Kisha akasema polepole, mama, ndege siku hizi wanajenga popote. Akaliweka chini, akachukua baiskeli yake akaenda.

Munyao, ndege hafungi fundo. Lile fundo ni la mikono yangu.

Ilikuwa mwezi wa nane. Nilishusha hindi moja la mbegu pale juu ya jiko, unga ukanimwagikia mkononi. Wadudu wa dumuzi walikuwa wameingia. Unajua mbegu ile alituachia nyanya yetu, na tangu zamani inaning'inizwa juu ya moto, moshi ndio dawa yake. Bomba lilipoutoa moshi nje, mbegu ilibaki uchi. Nilijaribu majivu, hayakusaidia. Ya dukani haivumilii jua letu, na yale mahindi ya msaada si ya kupanda. Niliona tukipoteza hiyo tumekwisha. Basi siku mwaitu alipokwenda kwa ushirika wa wazee, nilipanda paani nikaziba bomba kwa gunia, nikafunga na dirisha. Nilijiambia ni mpaka tupande tu. Lakini mvua ilichelewa, nawe unajua ilivyochelewa.

Mwaitu aliniuliza, Kamanthe, mbona moshi umerudi? Nikamwambia ni kuni mbichi. Aliniamini. Akawa anatoka kila asubuhi na fimbo yake, akikohoa, kuchagua kuni kavu moja moja, akidhani kosa ni la kuni. Nilimwona akifanya hivyo siku ishirini na zaidi, ndugu yangu, na gunia sikulitoa. Siku aliyofariki nilikuwa mtoni kuteka maji. Nilimkuta ameegemea mlango, kuni mbili mkononi.

Mbegu niliipanda wiki moja baada ya mazishi. Imeota yote, hakuna shimo lililokosa. Nimeshindwa kuipalilia.

Nimemwambia Mungu. Lakini Mungu hakuitwa fundi wa majeneza, Nzuki ndiye aliyeitwa. Kwa hiyo Jumapili hii nitasimama kanisani, mahali pale pale uliposimama wewe, niseme nilichofanya. Barua hii nitaipeleka posta Jumamosi kwa makusudi, ili ikufikie nikiwa nimeshasema, usipate nafasi ya kunizuia kwa ajili ya jina la familia. Ukija Krismasi, pitia kwa Nzuki kwanza kabla ya kufika hapa. Kwangu unaweza kuja au kuacha, sitauliza.

Mwambie Nzembi asipike ndani na mtoto mgongoni, na madirisha ayaache wazi hata kukiwa na baridi. Wabusu watoto. Bwana awalinde, nanyi mniombee.

Ni mimi, dada yako, kama bado utaniita hivyo,

Kamanthe