Usinifanye Kikombe Chako

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limekupa likizo kidogo. Sisi huku hatujambo. Mtoto ananyonya kama anayelipwa mshahara. Kaka zake wawili wanagombana kutwa, kwa hiyo ujue wana afya. Mama yao sasa anatembea mpaka bombani na kurudi bila kushika ukuta.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Nyumba yetu ni vyumba viwili na binti yako ana masikio. Tena haya si maneno ya mtu kumwambia baba mkwe wake. Kwenye karatasi angalau sikuoni uso. Nisamehe.

Siku aliyojifungua hukuambiwa yote. Alitoka damu nyingi mno. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido na viatu vyake mkononi, wauguzi wanapita mbio, hakuna anayenitazama. Kazi yangu ni kuchomelea mageti, moto nimeuzoea, lakini siku ile niliogopa hata kuuliza. Baadaye daktari akaniambia wazi: mimba nyingine kabla ya miaka miwili ni kucheza na maisha yake.

Wakamweleza njia zilizopo: sindano, vidonge, vijiti vya mkononi, kitanzi. Hamira akashukuru kwa adabu, akakataa zote. Anasema Mungu aliunganisha tendo la ndoa na uzazi, na mkono wa mtu usivitenganishe. Kitanzi ndicho kinamtisha zaidi. Anaogopa kisije kikamnyima mtoto aliyekwisha kuanza mahali pa kujishikiza. Nikasema, basi vidonge. Akasema, "Dawa ni ya mgonjwa. Kuwa na uzazi si ugonjwa." Nikasema, basi mimi nitumie mpira. Akanitazama kutoka juu mpaka chini: "Unataka kunikumbatia umevaa glavu zako za kuchomelea?" Nikacheka, halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Unanijua, Baba, mimi ni Mkristo wa benchi la nyuma. Sitaki ugomvi na Mungu. Nataka mke wangu awe hai. Siku hizi kitandani namgeuzia mgongo kwa woga, naye hajui kuwa ni woga. Nakuomba umwite, umwamuru akubali sindano. Wewe hawezi kukukatalia.

Ni mimi mkweo,
Cheche

13 Februari

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Mimi mzima, goti ndilo linaloumwa, na tumezoeana. Nisalimie wagomvi wawili na huyo mwenye mshahara.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi ya nyuma, pale mama mkwe wako alipokuwa akikaa kuchambua mchele. Tangu afariki napenda kukaa pale. Aliacha alama mbili ndogo ukutani kwa kuegemea, moja ya bega, moja ya kitambaa chake cha kichwa. Watu wameniambia nipake rangi. Bado sijaona haraka.

Kwanza, asante. Mambo ya korido sikuyajua. Baba akishaoza binti hubaki anajiuliza moyoni: je, huyu kijana atamwogopea kama nilivyokuwa namwogopea mimi? Umenijibu. Viatu vyake mkononi, hilo sitalisahau.

Lakini sitamwamuru.

Imani hiyo aliipata kwetu. Mimi na mama yake tuliishika, na bado naishika. Ila watu husikia nusu ya fundisho. Wakisikia vidonge vimekataliwa, wanadhani mke ameamriwa azae bila kupumzika. Sivyo. Wenye ndoa wanaruhusiwa kungoja, na mwenye sababu kama yenu anapaswa kungoja. Mimi najiuliza, anayengoja ni nani? Ukimchoma sindano, mwili wake peke yake ndio umebebeshwa kazi, wewe huna habari, unakula na kulala. Sisi tulichagua kungoja wawili. Sista mmoja muuguzi alitufundisha kusoma dalili za mwili wa mama mkwe wako, siku zenye rutuba na siku kavu. Zile za rutuba tulijizuia. Usidhani ilikuwa rahisi. Kuna siku nilikanda unga pale kiwandani mpaka mwenzangu wa tanuri akaniuliza, "Mzee, unga huo umekukosea nini?"

Sasa nikuambie jambo ambalo Hamira mwenyewe halijui lote. Nilikuwa narudi kutoka kuoka mikate asubuhi, mama mkwe wako ameshatoka kwenda kufagia madarasa. Na kusemezana mambo hayo tuliona haya. Basi akabuni njia: akiniachia kikombe cha bluu mezani, tungoje. Akiniachia cheupe, karibu. Ilitufaa sana. Halafu mama yangu mzazi akaja kututembelea. Asubuhi akakiosha kile cha bluu, akanimiminia chai kwenye cheupe. Angejuaje? Mimi kuona cheupe, nikashinda napiga miluzi. Mama mkwe wako aliporudi akanikuta nimechangamka, akafikiri nimeamua moyoni tupate mtoto mwingine. Akafurahi, akaona haya kuuliza. Tulikuja kuulizana tumbo limeshachomoza.

"Si wewe uliyetaka?"

"Mimi? Si kikombe chako!"

Tulicheka mpaka majirani wakabisha hodi. Huyo ndiye mke wako. Ndiyo maana nilimwita Hamira: iliangukia ungani bila kupimwa, nyumba nzima ikaumuka. Kila siku ya maisha yake nimeshukuru.

Lakini tangu hapo vikombe tuliviacha. Tulijifunza kusema kwa mdomo. Nakutamani. Nimechoka. Naogopa. Mwanzoni maneno hayo yalikuwa mazito kuliko gunia la ngano.

Nawe leo unataka kuniweka mezani nimwambie mkeo jambo ambalo mdomo wako haujamwambia. Usinifanye kikombe chako, mwanangu. Mwambie unaogopa. Kisha umuulize yeye anaogopa nini. Ukimaliza, niandikie.

Baba yako

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Sote wazima, na mtoto ameanza kucheka na ukuta.

Nimesema. Ilinichukua muda, maana kila nikifungua mdomo nilijikuta naulizia chumvi. Mwisho nilimfuata anaanua nguo.

"Mama watoto, naogopa."

"Unaogopa nini, mende?"

"Naogopa kukuzika."

Alibaki ameshika shati langu kwenye kamba. Akasema, "Kumbe! Mimi nilidhani unanigeuzia mgongo kwa sababu tumbo langu limebaki kama begi tupu."

Baba, tulikaa hapo chini na nguo zote mapajani. Nikamuuliza, na wewe unaogopa nini? Akasema, "Unaniuliza leo? Naogopa kuliko wewe. Damu ilikuwa yangu."

"Mbona ulikataa kila kitu?"

"Nilikataa vile walivyonionyesha. Kungoja sikukataa. Niliona aibu kukuomba. Nilisema moyoni, wenzako wa karakana watakucheka, mwishowe utatafuta pale pasipo na kungoja."

Hilo liliniuma kuliko cheche jichoni. Nimeishi naye miaka yote hii na alikuwa na hofu hiyo peke yake, kama mimi na yangu.

Tulikwenda kwa muuguzi anayefundisha wenye ndoa. Wanaume tulikuwa wawili, na mwenzangu alisinzia. Ametueleza kwamba mama anayenyonyesha dalili zake ni ngumu kusoma, kwa hiyo tuanze kwa kujizuia kabisa mpaka tujue tunasoma nini. Nikamrudia daktari pia. Hakupendezwa, lakini hakutufukuza. Alisema, "Njia hiyo ni ya wawili. Mkiidanganya, nayo itawadanganya. Na ukiona chochote, mlete mapema." Nimemwahidi.

Karakana wamejua, sijui nani amewaambia. Wanasema Cheche amefunga Kwaresima ya mwaka mzima. Waache waseme.

Asante, Baba, kwa kutoniitikia nilichoomba.

Mkweo

22 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na nyumba yako. Mimi naendelea. Mvua imepenya kidogo jikoni, si sana.

Nimeona kimya. Nilipopiga simu, Hamira alisema mko salama, lakini alilisema kama mama yake alivyokuwa akisema "si kitu" akiwa ameungua mkono. Kama kuna jambo, nishirikishe. Kama hakuna, niambie tu mzee amezeeka, nitafurahi kukosea.

Baba yako

1 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hujakosea.

Hamira alipata homa kali mwezi wa saba, na dalili zake zote zikavurugika. Tukajidanganya kwamba tunazielewa. Kisha siku zake zikapita asione kitu. Baba, sikuwa na mkono wa kuandika. Nilichomelea geti la mtu juu chini, ikabidi nilikate upya.

Nililia mbele yake. Nikamwambia, hii ikipita, twende tukachome sindano, nakuomba. Akanifuta uso na kanga yake, akasema, "Ukiniomba hivyo nitakwenda. Lakini nitakwenda kama mtu anayeacha kitu njiani." Nikamtazama. Alikuwa tayari kuvunja dhamiri yake ili nilale usingizi. Na mimi nilikuwa tayari kumwacha aivunje.

Jana tumepima. Hana mimba. Ilikuwa homa tu iliyochelewesha. Nilimpigia magoti mhudumu wa maabara, akadhani nimedondosha kitu.

Tulipotoka nikamwambia hatutakwenda kwenye sindano. Tutarudi darasani. Safari hii, tusipoelewa, tutahesabu kuwa ni siku ya kungoja. Akasema, "Wewe ndiye unasema?" Nikasema, mimi. Akanishika mkono barabarani, mbele za watu, jambo ambalo hajafanya tangu siku ya harusi.

Nisamehe kwa kimya.

Mkweo

10 Septemba

Mwanangu,

Namshukuru Mungu, nakushukuru wewe. Sina mengi. Njia yetu haina ahadi ya kutokukosea, sikuwahi kukuficha, na ungekwenda kwenye sindano nisingekufungia mlango wangu. Lakini umeona anachobeba mwenzako, ukamsaidia kubeba. Wanaume wengi tunafika kaburini hatujakiona. Mimi mama mkwe wako alinionyesha mapema, nikapata miaka mingi ya kumjua. Kwa ajili ya miaka hiyo huzuni yangu haina uchungu ndani yake.

Baba yako

18 Machi, mwaka wa tatu

Baba,

Shikamoo. Tuko salama kabisa. Yule mwenye mshahara sasa anakimbia, na amejifunza kusema "hapana", anaitumia kwa kila kitu hata kwa chakula anachokitaka. Hamira amerudi kazini, ananenepa, anaimba anapofua. Muda ule daktari aliotupa umetimia. Amempima, akaridhika. Akasema, "Mkitaka sasa, mnaweza. Mkija, mje mapema, nitawaangalia mwenyewe."

Tulirudi nyumbani. Nilijua Hamira anataka binti, amelisema tangu zamani. Nikajiandaa kukubali. Akaketi, akavua viatu, akaniuliza, "Wewe je, uko tayari?"

Nikasema, bado naogopa.

Sikutegemea kulisema. Akasema, "Basi tungoje." Hivyo tu. Akainuka kwenda kuwasha jiko.

Tunangoja, Baba. Wala sina haraka. Najua siku nitakayoacha kuogopa nitamwambia, naye atanisikia. Asante kwa binti uliyenipa.

Mkweo

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena.

Barua yako niliisoma kwanza kimya, pale mlangoni. Kisha nikaingia chumbani nikaisoma kwa sauti, nimekaa upande wangu wa kitanda kama nilivyozoea kumsomea mama mkwe wako barua za watoto. Yeye miwani ilimshinda, alipenda kusikiliza amefumba macho.

Nilipofika mahali ulipoandika "bado naogopa", nikanyamaza kidogo, kumwachia nafasi ya kusema neno.

Kisha nikaendelea mpaka mwisho.

Baba yenu